Kamba ya nanga kwa boti ya faiba ya mita 7: unene gani, ya aina gani, mita ngapi

Kuna ndugu yetu wa Kunduchi kaniandikia, naliweka swali lake kwa ufupi ili twende pamoja. Ana boti ya faiba ya mita 7, mashine ya hospawa 15, anavua mshipi usiku na vijana watatu, na anatia nanga kwenye kina cha mita 12 mpaka 15. Mwezi uliopita kamba ya nanga ilikatika alfajiri wote wamelala, boti ikaanza kusukumwa kuelekea miambani, bahati kijana mmoja akaamka kwenda kukojoa akaona taa za pwani haziko pale zilipokuwa. Kamba yenyewe ilikuwa ya plastiki ya kijani, milimita 10. Sasa rafiki mmoja anamwambia anunue milimita 20 asahau kabisa habari ya kukatika, mwingine anamwambia hata 8 inatosha maana boti yenyewe nyepesi. Anauliza amsikilize nani, na kamba inatakiwa iwe na nguvu ya kilo ngapi.

Ndugu yangu, pole, na huyo kijana mshukuruni sana. Jibu la haraka ni hili: nailoni ya milimita 12, urefu usipungue mita 100, na mbele yake cheni ya mita 5 au 6 kabla ya kufika kwenye nanga. Wote wawili sikubaliani nao. Lakini usikimbilie Kariakoo kesho asubuhi na hiyo namba peke yake, maana unaweza ukanunua hiyo 12 nzuri kabisa na ikakatika vilevile kama ilivyokatika hii, nami ntakuonyesha kwanini.

Nimeiangalia sana ile picha uliyotuma ya ncha iliyobaki. Kamba ikikatika kwa kuzidiwa na mzigo huwa inaacha kama brashi ndefu, nyuzi zimevutika, zimechanika kila moja sehemu yake, na kamba nzima inakuwa imenyooka kama imekosa maji ya uhai. Yako haiko hivyo. Yako upande mmoja imenyolewa, imekuwa bapa, imetoa manyoya kama nusu mita hivi kabla ya pale ilipoachia, na upande wa pili nyuzi bado zina rangi na mng'ao wake wa dukani. Hiyo haikuzidiwa na mzigo, hiyo imesagwa na mwamba. Boti ilikuwa inapepea kushoto na kulia usiku kucha, kamba inapita juu ya tumbawe kama msumeno, uzi wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, wa tatu hauwezi kubeba peke yake, basi. Na wewe mwenyewe umesema ilikatika kama mita mbili tu kutoka kwenye nanga, ndipo hapohapo kamba inapogusana na chini. Ungekuwa na 20 mahali pale ingechukua masaa mengi zaidi kusagika lakini ingesagika tu. Mi nimeshawahi kuona amari ya mashua, yani kamba yake ya nanga, nene kama kifundo cha mkono, imelala nyuma ya kisiwa cha Sinda kaskazi limekaza usiku mzima, asubuhi tunang'oa nanga imebaki uzi mmoja unaotetemeka. Nilikuwa kijana kabisa, na tangu siku ile kamba nikiikuta inagusa mwamba siwezi kulala.

Kwahiyo unene ni jambo la pili. Ila kwa kuwa umeuliza kilo, tupige hesabu ya kweli, maana watu wengi wanataja namba bila kujua zinatoka wapi.

Kinachovuta kamba yako sio uzito wa boti. Boti inaelea, uzito wake bahari imeshaubeba. Kinachovuta ni upepo unaopiga mwili wa boti, mkondo wa maji, na kubwa zaidi wimbi linapoinua omo, yani mbele ya boti, na kamba kulizuia ghafla. Upepo una tabia moja ambayo inabidi uikumbuke kila siku: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Wamarekani wa ABYC, baraza linaloweka viwango vya boti, wana jedwali lao la mizigo ya nanga ambalo wajenzi wa boti wanalitumia sana, na kwa boti ya kama mita 7 na nusu wanahesabu karibu kilo 220 kwenye upepo wa kilomita 55 kwa saa, na mara mbili ya hapo, kilo 440 hivi, kwenye upepo wa kilomita 78. Ule upepo ambao TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanautangaza kila kusi likianza kuchachamaa, wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, uko chini ya hapo, lakini wewe usipimie siku ya kawaida, pimia siku ambayo tangazo hukulisikia.

Sasa tuangalie kamba. Nailoni mpya ya uzi tatu, ile ya ubora wa kweli, ya milimita 8 inakatika kwenye kilo 1,300 hivi, ya 10 kilo 2,000, ya 12 kilo 3,000, ya 14 kilo 4,000 na kidogo, ya 20 inapita 8,000. Ukisikia hivyo unaona huyo aliyesema 8 yuko sahihi kabisa, kilo 1,300 dhidi ya 220, tatizo liko wapi. Tatizo ni kwamba hiyo namba ni ya kamba mpya, kavu, imenyooka, haina fundo. Ya kwako itakuwa imelowa, na nailoni ikilowa inapoteza kama asilimia 10 mpaka 15. Itakuwa na fundo, na fundo linakula karibu asilimia 40, mengine nusu nzima. Itakuwa imekaa juani miaka miwili na mchanga umeingia ndani ya nyuzi, hapo toa nusu nyingine bila kuonea huruma. Chukua ile 8: 1,300 ikilowa inakuwa kama 1,130, fundo linaishusha mpaka 680, uzee unaiacha na 340. Siku ya kilo 440 imeondoka. Ile ya 10 kwa hesabu hiyohiyo inabaki na 500 na ushee, yani unalala na kaupenyo kadogo mno. Ya 12 inabaki karibu na 800. Hapo mtu anaweza kulala. Na kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye jedwali lolote, ni viganja vya hao vijana wako. Kung'oa nanga kwa mkono kutoka mita 15 saa kumi alfajiri na kamba ya 8 iliyolowa, inakata mkono kama waya. Ya 12 inashikika.

Na hiyo 20 nayo? Watu wanaona nene zaidi ni salama zaidi tu, kwa nanga sio hivyo. Uzuri wa nailoni ni kwamba inavutika, ikibebeshwa mzigo wake sawasawa inarefuka asilimia 10 mpaka 20 halafu inarudi bila kuumia, kwahiyo wimbi likiinua omo kamba inarefuka nalo kidogokidogo badala ya kulizuia ghafla. Lakini ili ivutike lazima mzigo uwe unatosha kuivuta. Boti yako ya mita 7 haina ubavu wa kuivuta nailoni ya 20, kwahiyo itakuwa ngumu kama fimbo, kila wimbi linakuja linapiga moja kwa moja kwenye kile chuma cha kufungia pale omoni, na kwenye faiba nyingi zinazotengenezwa mtaani kile chuma kimefungwa na bolti mbili bila ubao wa maana chini yake. Kamba haitakatika, kitang'oka chuma na kipande cha faiba, na afadhali ukatike kamba kuliko utoboke omo. Halafu mita 100 za nailoni ya 20 ni karibu kilo 25 kavu, ya 12 ni kama kilo 9. Hizo kilo 16 zibebe kwa cheni, ndio zitakusaidia.

Twende kwenye aina, hapa nakuomba uwe makini sana maana hapa ndipo watu wa kwetu wanapoumia zaidi. Ukienda dukani ukasema nataka kamba ya manila utapewa yoyote, ukisema nailoni pia utapewa yoyote, maana kwa wauzaji wengi kamba yote isiyo ya katani ni nailoni. Ile yako ya kijani ni polipropilini. Sio kamba mbaya kwa kazi zake, ila kwa nanga ina kasoro tatu kwa pamoja: kwanza kwa unene uleule nguvu yake ni kama theluthi mbili tu ya nailoni, pili jua la Dar linaitafuna upesi, inaanza kutoa unga na kuchoma mikono, tatu inaelea. Kuelea ndio kubaya zaidi. Upepo ukitulia kamba iliyolegea inakuja juu ya maji imetandaa, anapita mwenzako na mashine usiku inamzonga kwenye panga, au wewe mwenyewe unawasha unarudi nyuma kidogo umejinasa. Na kamba inayoelea inavuta nanga kuelekea juu wakati unataka ivutwe kwa kulala.

Kupima ni rahisi na muuzaji mwenye bidhaa ya kweli hatakataa. Mwombe kipande cha kidole kimoja, kitie kwenye glasi ya maji, kibinye mapovu yatoke. Nailoni inazama, polipropilini inaelea hata uifanyeje. Afu chukua uzi mmoja uchome na kiberiti: polipropilini inanuka mshumaa uliozimwa, nailoni haina harufu hiyo, inayeyuka inadondoka na kuacha kidonge kigumu. Kuna na poliesta, hiyo nayo inazama na inavumilia jua na kusuguliwa kuliko hata nailoni, ila haivutiki sana, kwahiyo ukiikosa nailoni kabisa poliesta ya 12 inakubalika. Katani iache, ina nguvu kama theluthi moja tu ya nailoni na inaoza ndani wakati nje bado inapendeza. Wazee waliokuwa wanatumia kamba za usumba, zile za makumbi ya nazi, walikuwa na akili yao, ule usumba unavutika sana, ila walikuwa wanaweka amari nene mno na wanazibadili mara kwa mara.

Unene nao pima mwenyewe. Zungusha kamba kwenye kijiti mara 10, mizunguko ibanane bila kupandana, pima na rula. Ya 12 inakupa sentimita 12. Ukiona sentimita 10 umeuziwa ya 10 kwa bei ya 12, rudisha.

Sasa urefu. Hili ndilo ningependa ulibebe kuliko milimita. Nanga haishiki kwa uzito, inashika kwa kuvutwa ikiwa imelala ichimbe. Kamba ikiwa fupi inaivuta kwenda juu na nanga inang'oka. Wengi wetu tunaachia kamba mpaka nanga iguse chini tunaongeza pima mbili tatu tunafunga, tunasema imeshika. Imeshika kwa sababu bahari imetulia. Kipimo ni hiki: chukua kina, ongeza maji kujaa, ongeza kimo cha omo kutoka kwenye maji, halafu zidisha mara 5 kwa usiku wa kawaida na mara 7 kama upepo unakaza. Usisahau kujaa. Kwetu hapa siku za bamvua, yani za maji makubwa, maji yanapanda zaidi ya mita 3, kwahiyo mita 12 ulizotia nanga maji yamekupwa, baada ya masaa sita ni mita 15 na kitu, na kamba yako haijaongezeka hata shubiri. Piga mwenyewe: 12, na 3 na nusu, na omo mita 1, ni 16 na nusu, mara 5 ni mita 82. Ndio maana nasema usipungue 100. Ukiwa kwenye 15 siku ya upepo hata hizo 100 zitakuwa chache, hapo sogea kina kifupi au rudi nyumbani. Kama una hela ya kuchagua kati ya kamba nene na kamba ndefu, nunua ndefu.

Cheni ndio dawa ya kilichokupata. Mita 5 au 6 za cheni ya milimita 8 iliyopakwa zinki, inakuja kama kilo 8 hivi, inafanya kazi mbili, inalaza shina la nanga chini ili ichimbe, na inakaa yenyewe pale kwenye mwamba badala ya kamba. Chuma kisuguane na tumbawe, kamba ibaki juu inaelekea kwako. Ila hata na cheni, usitafute tumbawe makusudi. Tafuta kiraka cha mchanga, dondosha hapo, kamba ndefu itakufikisha unapotaka kuvua. Nanga ya nondo ikivutwa juu ya matumbawe inavunja kitu kilichochukua miaka mingi sana kukua, na hao changu na chewa unaowafuata wanaishi humohumo. Na kuzunguka Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, huko hata kuvua hairuhusiwi, kwahiyo ukisema unavua maeneo ya jirani hakikisha ni nje ya mipaka.

Kufunga. Kwenye cheni kama unajua kusuka kitanzi, suka, na ndani ya kitanzi weka kile kipete cha chuma chenye mfereji ili kamba isibanwe na kona kali. Kitanzi kilichosukwa vizuri kinabakiza asilimia 90 ya nguvu ya kamba, fundo halifiki huko. Kama hujui, funga fundo la nanga: zungusha kamba mara mbili kwenye pete, ncha ipitishe ndani ya ile mizunguko yote miwili, kaza mpaka ilale, malizia na nusu fundo na ncha ifungwe na uzi kwenye kamba yenyewe isije ikajifungua. Ile pini ya kile chuma cha U kinachounganisha cheni na nanga ifunge na waya, maana inajifungua taratibu kwa mtikisiko na huwezi kujua. Pale omoni kamba inapopita kwenye ukingo wa faiba, chukua nusu mita ya mpira wa bomba la maji, pasua kwa urefu, vika kamba, funga. Nimeona kamba zilizoponea mwamba wote wa chini zikafia pale juu kwenye ukingo wa boti yenyewe.

Na tafadhali, nakuomba kama mdogo wangu, nanga ifungwe omoni peke yake. Usifunge nyuma hata kwa dakika tano kwa sababu ni rahisi kufikia. Huko nyuma pamekatwa chini kwa ajili ya mashine, mashine yenyewe nzito, nyinyi mmekaa huko, wimbi likija linapanda moja kwa moja ndani na kamba imeivuta boti chini haiwezi kuinuka. Boti inajaa kabla hujamaliza kuita. Na ile ncha ya ndani ya kamba ifunge mahali imara kabla hujatupa nanga, afu mtu asisimame kwenye mikunjo wala asiviringe kamba mkononi.

Kuna na ujanja wa nanga iliyokwama, maana umesema hii ni ya tatu kupoteza mwaka huu. Cheni usiifunge kwenye pete ya juu, ifunge chini kabisa kwenye shina pale makucha yanapoanzia, halafu ipandishe sambamba na shina uibane kwenye pete kwa uzi mwembamba, mizunguko michache ya uzi wa mshipi. Ikivutwa kawaida nanga inashika kama kawaida. Ikinasa, unapanda na boti juu yake kabisa, unafunga kamba fupi, wimbi likiinua uzi unakatika, cheni sasa inavuta kutoka makalioni na nanga inatoka kinyumenyume. Ila huo ni ufungaji wa kuvulia ukiwa macho. Ukitaka kulala funga kwenye pete kwa chuma, kwa sababu upepo ukigeuka usiku ule uzi unaweza kukatika mapema.

Kamba ikishaanza kazi, kila ukirudi ufukweni imwagie maji baridi, yasiyo ya chumvi, kama yapo, ianike kivulini, na mara moja kwa mwezi ipitishe yote mkononi taratibu. Fungua nyuzi kidogo uangalie ndani. Ukikuta unga au mchanga uliosaga, ukikuta sehemu imekuwa ngumu au bapa, kata kipande hicho, usiseme itafika mwisho wa msimu. Baada ya mwaka igeuze, ncha ya chini iwe ya juu, maana mita 20 za chini ndizo zinazoumia na za ndani ya boti huwa mpya kabisa.

Ile ya kijani iliyobaki usiitupe. Kata pale ilipochunika, sehemu nzima itumie kwenye maboya ya nyavu, huko kuelea ndiko kunakotakiwa.